Ribiti Imeacha Hilali, Bati Linapwaya: Kutafuta Chanzo cha Dosari za Sura kwenye Ndege ya Alumini ya Kujijengea

Alumini isiyopakwa rangi haifichi kitu. Keekee ikiteleza, nyundo ikikosea au mtu akipitisha mkanda wenye kifungo karibu na bawa, alama inabaki hapo, na jua la jioni likiingia kwa mshazari unaiona ukiwa mlangoni.

Wanaojenga ndege hizi wengi wako Marekani. Kifurushi (seti ya vipande vya ndege unayonunua na kuiunganisha mwenyewe) kinachojengwa kuliko vyote ni cha familia ya RV kutoka Van's Aircraft, kampuni iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973 huko Oregon. Ndege zake zilizokwisha kuruka zimepita 11,000. Zipo pia Zenith za Missouri na Sling za Afrika Kusini. Sheria ya Marekani inamtaka mjenzi asiye kiwanda afanye sehemu kubwa ya kazi kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, kwa hiyo maelfu ya ribiti, zile pini za kuunganisha mabati, hugongwa na watu ambao mwaka uliotangulia walikuwa walimu, madereva au wahasibu. Dosari hazikwepeki. Naandika haya kwa sababu nimeona bati zuri likitupwa, na mara nyingi kilicholiua ni ukarabati. Kosa la kwanza lilikuwa dogo, la kuachwa. Mtu akaling'ang'ania, tundu likapanuka, bati la chini likachanika, kipande chote kikaagizwa upya.

Kwa hiyo kila dalili hapa chini naitazama kwa maswali mawili: imetoka wapi, na je, kuigusa kutaleta nafuu au madhara?

Kabla ya kushika msasa: je, ni sura tu?

Kuna alama ambazo ukiziona unaweka kando puti na msasa, kwa kuwa jambo limeshahama kutoka kwenye urembo.

Ufa ndio wa kwanza. Ukianzia kwenye tundu, kwenye ukingo wa bati au kwenye kona iliyokunjwa, hata kama ni wa milimita moja, si suala la sura. Mtetemo wa injini huurefusha taratibu, na puti itakuzuia tu usiuone ukikua. Mwaka 2023 wajenzi wengi wa RV walipata somo hili kwa gharama kubwa: vipande ambavyo matundu yake yalikuwa yamekatwa kwa leza vilionyesha nyufa ndogo baada ya matundu hayo kubonyezwa, yaani kingo zake kusukumwa ndani ili zipokee kichwa bapa cha ribiti. Van's ililazimika kutengeneza upya sehemu nyingi, na Desemba ya mwaka huo ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, gharama hiyo ikiwa miongoni mwa sababu.

Pili ni mstari mwembamba ulionyooka kando ya kiungo cha mabati mawili, hasa ukiwa umechorwa na kisu. Unaonekana mdogo, lakini umekaa mahali ambapo mzigo unapita na ncha yake ni kali. Ndege kubwa za abiria zimewahi kukaguliwa kwa wingi kwa ajili ya mistari ya namna hiyo, iliyoachwa na visu vya kukwangua rangi na gundi.

Tatu, ribiti yenye masizi. Ukiona mkia mweusi unaoelekea nyuma ya ndege kutoka kwenye kichwa cha ribiti, ujue ribiti imelegea na alumini inajisaga yenyewe. Ukiufuta utarudi. Nne, makunyanzi ya mshazari kati ya mbavu mbili (vipande vya ndani vinavyolishikilia bati), hasa kama yamejitokeza baada ya ndege kutua kwa kishindo. Na unga mweupe popote pale ni kutu ya alumini.

Haya yote hupelekwa kwa kampuni iliyotoa kifurushi au kwa mtu mwenye leseni. Chama cha wajenzi cha EAA, kilichoasisiwa na Paul Poberezny huko Wisconsin mwaka 1953, kina washauri wa kujitolea wanaokuja kutazama kazi yako mezani, na waraka wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, namba AC 43.13-1B unaeleza viwango vya ukarabati wa bati. Kama uko mbali na vyote hivyo, piga picha yenye rula kando ya alama na uitume kwa mtengenezaji kabla ya kugusa chochote.

Kama si mojawapo ya hayo, endelea.

Dalili: alama ya hilali kando ya kichwa cha ribiti

Hii ndiyo dosari inayoumiza wajenzi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Washa taa ndogo, ilaze karibu na bati ili mwanga upite kwa mshazari, kisha sogeza kichwa chako badala ya taa. Hilali itajitokeza: upande mmoja una ukingo mkali, upande wa pili unafifia. Usiitazame moja. Tazama safu nzima, maana umbo na mpangilio wa alama ndio unaokwambia chanzo.

Hilali zikiwa upande uleule kwenye safu nzima, tatizo ni mkao wako. Bunduki ya ribiti, yaani nyundo ya hewa ya kugongea, inainama kuelekea mkono wenye nguvu, au umesimama chini sana ukalazimika kuielekeza juu. Panda kwenye stuli, au geuza kazi. Usiongeze juhudi kwenye mkao mbaya.

Zikiwa duara kamili kuzunguka kichwa, bunduki ilikuwa wima lakini upepo wa kompresa ulikuwa mwingi, au umegonga muda mrefu baada ya ribiti kuwa tayari. Kwa ribiti ndogo ya inchi 3/32, wengi huanza karibu na psi 30 hadi 40 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) na kupanda kidogo kidogo wakijaribu kwenye bati chakavu. Bunduki hazilingani, kwa hiyo chakavu ndicho kipimo, si namba ya jirani.

Zikiwa zimetawanyika, moja huku na nyingine sentimita mbili mbali na ribiti yoyote, bunduki iliruka. Mara nyingi sababu ni kwamba kidole kilivuta kabla mwili haujaegemea, au aliyeshika chuma kizito cha kupokea mapigo upande wa nyuma hakuwa tayari. Watu wawili wanaogonga ribiti wanahitaji neno moja la kuanzia na moja la kusimama, na anayetamka ni yule wa nyuma, kwa kuwa yeye ndiye asiyeonekana.

Na zikitokea kwenye ribiti za kichwa cha mviringo pekee, kagua kikombe cha bunduki. Kikombe kikubwa kuliko kichwa cha ribiti hugusa bati kabla ya kumaliza kazi. Kingo zake zikiwa kali, zisuguliwe kwa msasa laini mpaka ziwe za mviringo.

Sasa tiba. Pitisha kucha juu ya alama. Kucha isipokwama, chukua chuma laini cha mviringo kilichong'arishwa, kama mgongo wa kijiko cha chuma cha pua, ukandamize ukingo mkali urudi chini, kisha pitisha Scotch-Brite ya kijivu (pedi ya kusugulia) kwa mkono mwepesi. Ukingo mkali ndio unaolishika jicho. Ukiuondoa, hilali nyingi hupotea chini ya rangi bila puti hata chembe. Kucha ikikwama kidogo, lainisha ukingo vilevile, halafu subiri hatua ya rangi, kidimbwi kijazwe kwa puti ya epoksi. Ikiwa bati limekatwa, yaani kuna mfereji wenye kona kali chini, hapo piga picha umuulize mtengenezaji.

Usiing'oe ribiti kwa sababu ya hilali. Ribiti iliyofunga vizuri yenye hilali ni nzima, na kuing'oa hakuondoi hilali kwenye bati.

Kwa safu zinazofuata, funika uso wa bunduki kwa utepe mwembamba wa plastiki, na kwa ribiti za kichwa bapa tumia kile kichwa kipana chenye kiungo kinachojigeuza na pete ya mpira pembeni. Kila ribiti inayofikiwa na koleo la kukamulia, ikamulie. Bunduki ibaki kwa zile zisizofikika.

Dalili: kichwa bapa kimesimama juu ya bati, au kimezama

Ribiti za kichwa bapa, zile za AN426, zina kichwa chenye pembe ya nyuzi 100 kinachopaswa kulala sawa na bati. Kikisimama juu, mara nyingi lawama haiko kwenye ribiti. Tundu lilibonyezwa kwa nguvu isiyotosha, au bati la chini halikubonyezwa vya kutosha kulipokea la juu, au makali ya keekee hayakuondolewa na yakabaki yamebanwa katikati. Kulitambua: bonyeza mabati mawili kwa vidole kando ya ribiti. Yakisogea, kuna nafasi katikati, na hiyo si ya urembo tena. Yasiposogea, na kichwa kiko juu kiasi cha unene wa karatasi, gonga mara moja mbili kwa kichwa kipana huku chuma cha nyuma kikiwa kimekaa sawasawa. Kikigoma, kiache.

Kichwa kilichozama huwa ni kosa la keekee ya kuchimbia kishimo. Kikomo hakikufungwa vizuri, kishimo kikaenda chini kupita kiasi. Hapa unene wa bati ni muhimu: kuchimba kishimo cha ribiti ya 3/32 kunataka bati la angalau milimita 0.8, na la 1/8 karibu milimita 1. Jembamba kuliko hapo libonyezwe, lisichimbwe, la sivyo ukingo wa tundu unabaki kama wembe na ribiti inaupanua inapogongwa. Kichwa kilichozama kidogo kwenye bati nene, kiache.

Ribiti ikiwa mbovu kweli, imelala upande au upande wa nyuma umepasuka, itabidi itoke. Kwanza tazama kitako cha nyuma: kinatakiwa kiwe na upana wa karibu mara moja na nusu ya kipenyo cha shina, na urefu wa nusu ya kipenyo. Kikikaribia hapo, ulikuwa karibu kung'oa ribiti nzima bure.

Namna ya kuitoa: ribiti za aina ya AD zina kishimo kidogo katikati ya kichwa, na ni hicho kitakachoishika ncha ya keekee. Tumia kipenyo kilekile cha tundu au kidogo kuliko hapo, zungusha kwa mkono mara ya kwanza ili ukae katikati, kisha toboa kina cha kichwa tu. Kichwa kikianza kuzunguka au kukatika, simama. Ingiza pini kwenye kitundu, ivunje pembeni, kichwa kinatoka kama kofia. Halafu weka kipande cha mbao chenye tundu upande wa nyuma na usukume shina kwa pini na nyundo ndogo. Bila mbao hiyo bati linabonyea, nawe umetengeneza dosari mpya kubwa kuliko ile uliyoifukuza.

Tundu likipanuka, zipo ribiti zenye shina la 1/8 na kichwa kinachokaribia ukubwa wa kile cha 3/32, zimetengenezwa kwa hali hiyohiyo. Zikiingia, jicho halioni tofauti. Ila kumbuka kupima umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati: usipungue mara mbili ya kipenyo cha shina. Shina likinenepa, umbali huo nao unadai zaidi.

Dalili: kishimo cha pili kando ya tundu, umbo la nane

Hii hutokea unapobonyeza matundu kwa nyundo na fremu, bati likaruka kutoka kwenye pini bila wewe kuona. Pini inapiga kando ya tundu na kulitoboa au kulibonyeza. Ni kosa la kuchoka. Safu ya mia mbili inafanana na safu ya kwanza, macho yanaacha kutazama.

Kama pini haikupenya, geuza bati, liweke juu ya chuma bapa na ulirudishe kwa mapigo madogo. Litabaki na kivuli, puti itakimaliza. Kama imepenya na matundu mawili yamegusana, usijaze tu. Muulize mtengenezaji, mara nyingi jibu ni kuweka kiraka kidogo nyuma na ribiti moja au mbili za ziada, au kuacha bila ribiti pale pasipo na mzigo mkubwa. Jibu hilo linatolewa na anayejua mzigo wa sehemu hiyo.

Kishimo kilichobonyezwa upande usio wake ni shauri lingine. Kukigeuza kunaifanya alumini ngumu ya 2024-T3 ikunjwe mara mbili mahali pamoja, na nyufa hupenda hapo. Ukilazimika, kikague kwa kioo cha kukuza kabla na baada.

Dalili: mikwaruzo

Mabati mengi ya RV ni 2024-T3 yenye tabaka la alumini safi pande zote mbili. Tabaka hilo ndilo linalozuia kutu, na kwenye mabati membamba ni takriban asilimia 5 ya unene kila upande. Kwenye bati la milimita 0.5 unazungumzia milimita 0.025, nyembamba kuliko unywele. Anayesugua mkwaruzo mpaka upotee kabisa mara nyingi amelimaliza tabaka lote, na ameacha uso unaong'aa usio na kinga.

Basi sugua kwa lengo la kuondoa kingo kali tu. Kucha ikipita bila kukwama, mkwaruzo utafunikwa na praima, acha. Ikikwama, tumia msasa wa maji namba 400 kisha 600, ukisugua sambamba na mkwaruzo, ulainishe mabega yake yawe mteremko. Halafu praima siku hiyohiyo. Kamwe usitumie sufu ya chuma: chembe zake hubaki kwenye alumini na kuanzisha kutu. Wala usichore mistari ya kupimia kwa penseli ya kawaida, kwa kuwa risasi yake ni grafiti na grafiti na alumini hazielewani. Kalamu ya wino ndiyo sahihi, na wino huo ufutwe kwa spiriti kabla ya rangi.

Kwenye Zenith na Sling, ambazo zimejengwa kwa alumini ya aina nyingine, 6061-T6, hakuna tabaka la alumini safi la kulinda, ila chuma chenyewe kinastahimili kutu vizuri zaidi. Mkwaruzo huko unatazamwa kwa kina chake tu.

Chanzo? Mara nyingi ni meza. Vumbi la keekee linabaki juu ya meza, bati linaburutwa juu yake. Tandika zulia na ulipige brashi kila unapobadilisha kazi. Plastiki ya kinga inayokuja na bati nayo ina hila zake: ukiitoa yote, bati liko wazi, ukiiacha miezi mingi kwenye gereji yenye unyevu, kutu inayotambaa kama nyuzi huanza chini yake. Wengi hutoa utepe mwembamba kando ya mistari ya ribiti tu. Usiukate kwa kisu. Chukua pasi ya kulehemu nyaya yenye ncha iliyosuguliwa ikawa ya mviringo, ipitishe kando ya rula, plastiki inayeyuka na kuachana bila bati kuguswa na kitu chenye makali.

Dalili: bati linapwaya na kulia ukilisukuma

Weka kiganja katikati ya nafasi kati ya mbavu mbili, sukuma kidogo. Bati linaingia ndani kwa mlio, ukiachia linarudi. Angani hufanya hivyo peke yake, na rubani anasikia bodi ikipiga ngoma.

Kabla ya kulirekebisha, litazame alfajiri na ulitazame tena saa saba mchana. Alumini hutanuka takriban milimita 0.023 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selisiasi. Bati la mita moja likipata joto nyuzi 20 zaidi ya mbavu zake limerefuka karibu nusu milimita, na nusu milimita hiyo haina pa kwenda ila juu au chini. Kama linapwaya mchana tu likiwa juani, joto ndilo chanzo na huenda likavumilika. Kama linapwaya saa zote, chanzo kiko kwenye mpangilio wa kugonga: umeanza ncha mbili ukamalizia katikati, ukasukuma ziada yote ya bati hapo. Anza katikati, nenda nje, ukiwa umeshikiza bati zima kwa kleko (vibanio vya muda) kwanza. Wapo wanaopasha bati joto kidogo kabla ya kuligonga, ili likipoa lijivute.

Kwa bati lililokwisha kufungwa, dawa inayofanya kazi ni kipande chepesi cha alumini chenye umbo la L kinachogandishwa upande wa ndani kwa gundi ya polisulfaidi, ileile ya kuzibia matangi ya mafuta, kikipita katikati ya eneo linalolia. Kwenye mwili wa ndege ni kazi ya mchana mmoja. Kwenye eleveta, usukani wa mkia au aileroni, yaani sehemu zinazosogea za mkia na mabawa zinazoiongoza ndege, usiongeze gramu yoyote kabla hujasoma sehemu ya mwisho hapa chini.

Dalili: kidimbwi cha kitu kilichoanguka

Fundi wa bodi za magari ana mazoea ya kugonga kutoka nyuma mpaka bati lirudi. Chuma laini cha gari kinakubali. Alumini ngumu ya ndege ikigongwa sana inatanuka, eneo linakuwa kubwa kuliko nafasi yake, na kidimbwi kinageuka kuwa bati linalolia. Sukuma kwa kiganja au kwa chuma bapa kilichofungwa kitambaa, polepole, bila nyundo. Kikirudi robo tatu, shukuru, kiache. Robo iliyobaki ijazwe.

Kidimbwi kilicho juu ya ubavu au mhimili kinataka utazame ndani kwanza. Bati likirudi huenda ubavu ulio chini umejikunja.

Dalili: kiungo kimeinuka, au ukingo wa nyuma una mawimbi

Kiungo cha mabati kinachoinuka kati ya ribiti hutokana na ukingo ulioachwa bapa. Kabla ya kufunga, ukingo wa bati la juu hupitishwa kwenye vibaringo viwili uinamishwe chini kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni lakini kidole kinakihisi. Baada ya kufunga hakuna dawa ya kurudi nyuma. Mstari mwembamba wa kizibo kabla ya rangi huficha kivuli.

Ukingo wa nyuma wa usukani au eleveta wenye mawimbi umegongwa kwa kufuata mstari kutoka ncha moja hadi nyingine. Kila ribiti inasukuma bati kidogo, na msukumo unajumlika. Unatakiwa ugandishwe kwanza kwa kizibo ukiwa umebanwa kwenye chuma cha pembe kilichonyooka, kisha ugonge ribiti moja kila baada ya kumi, nusu nguvu, urudi katikati, na kadhalika. Ukiwa umeshapinda, bana mbao mbili ndefu zilizonyooka juu na chini na uurudishe kwa nguvu ya mikono. Ukingo uliopinda sana hubadilisha jinsi ndege inavyoshika njia, kwa hiyo upime kwa uzi.

Ribiti za kuvuta

Zenith na Sling hufungwa zaidi kwa ribiti za kuvuta kutoka upande mmoja. Sling 4 ambayo vijana wa Afrika Kusini waliiunganisha na kuirusha kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 2019 ni ya jamii hii. Dosari zake ni chache. Kijiti kikibaki kimetokeza, taya za kifaa zimechakaa au kifaa kilikuwa kimeinama. Kichwa kikiwa kimeinuka upande mmoja, hukukisukuma mpaka mwisho kabla ya kuvuta. Kwenye Zenith, vichwa visivyo na umbo la kuba vinaonyesha mdomo wa kifaa si ule uliochongwa ndani kuwa bakuli, badilisha mdomo. Ribiti iliyoinama itolewe, iliyonyooka yenye kijiti kirefu ikatwe na kusawazishwa kwa tupa ndogo.

Puti, rangi na uzito

Usipake puti juu ya vichwa vya ribiti ili kuvificha. Ribiti na bati husogea, puti inachanika kwa duara, na mwaka mmoja baadaye kila ribiti ina pete. Jaza vidimbwi na hilali tu, kwa puti ya epoksi, juu ya bati lililosafishwa kwa asetoni na kukwaruzwa.

Vishimo vidogo kama macho ya samaki kwenye rangi mbichi vinatokana na silikoni au mafuta, mara nyingi kutoka kwenye kompresa isiyo na kichujio. Malengelenge karibu na ribiti ni kiyeyushi kilichonaswa chini ya vichwa. Bati lilipakwa rangi kabla halijakauka. Nyuzi zinazotambaa chini ya rangi kuanzia kwenye ribiti ni kutu, na kwa ndege inayolala Mombasa au Dar es Salaam, penye chumvi hewani, hujitokeza mapema sana. Rangi ya hapo ivuliwe mpaka chuma.

Kwenye aileroni, eleveta na usukani wa mkia, puti huingia kwenye hesabu nyingine kabisa. Kwenye ndege nyingi sehemu hizi zina uzito wa kusawazisha mbele ya bawaba. Kila kinachoongezwa nyuma ya bawaba, iwe puti, rangi ya tabaka la tatu au kipande cha L, huzifanya zilemee nyuma, na sehemu inayolemea nyuma inaweza kuanza kupepea kwa kasi kubwa mpaka ing'oke ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo kidimbwi kwenye eleveta kijazwe kwa uchache kabisa au kiachwe. Baada ya rangi kukauka, sehemu itundikwe kwenye bawaba zake, ipimwe upya kama mwongozo wa kifurushi unavyoelekeza, uzito wa mbele urekebishwe, na vipimo viandikwe kwenye kitabu cha ndege pamoja na tarehe.